Lita Sita za Bi Mize Mcha

Tarehe 30 Juni 2008, siku ya Jumatatu, Bi Mize Mcha Jaku, Mkuu wa Vyumba wa Hoteli ya Barazani hapa Mji Mkongwe, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitatu na miezi minne. Aliajiriwa tarehe mosi Machi 1985 kuwa mfuaji, kwa majaribio ya miezi mitatu. Kwa kadiri tunavyojua, mpaka leo hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba majaribio yamekwisha.

Anayeandika wasifu huu ni Talal Nassor, fundi bomba wa hoteli. Bwana Turki, meneja wetu, alipouliza kikaoni nani aandike, wenzangu wote waligeuza shingo kunitazama. Walikuwa na haki. Katika kisa kikubwa kuliko vyote vya utumishi wa Bi Mize, mimi ndiye niliyekuwa nimekosea, na aliyekosea ndiye anayekumbuka vizuri. Nimeagizwa niandike habari zake yeye na nisijitie sana ndani. Nitajitahidi.

Bi Mize alizaliwa Gomani, kisiwani Tumbatu, mwaka 1948. Enzi za utoto wake maji matamu yalikuwa yakivushwa kwa chombo kutoka Mkokotoni, na mtungi ukipasuka njiani, nyumba nzima ilijua. Mwenyewe hutuhadithia kwamba mama yake aliwaosha watoto nyuso kwa kata moja ya maji, yale yale yakaosha miguu, kisha yakaenda kumwagiwa mdimu. "Kwetu maji hayamwagwi," husema, "yanahamishwa." Vijana wa jikoni wameligeuza neno hilo kuwa utani, lakini nimewaona wakihamishia maji ya kuoshea mboga kwenye vyungu vya mauwa bila ya kuambiwa.

Aliolewa mjini, akakaa Amani. Mumewe alikuwa mpakizi bandarini, akafariki mwaka 1984 na kumwachia watoto watatu wa skuli. Ndipo alipokuja hapa. Wakati huo Barazani ilikuwa na vyumba kumi, ua wenye kisima, na kamba mbili za kuanikia nguo. Mashuka yote yakifuliwa kwa mkono. Waliofanya kazi naye siku zile wanasema alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wenzake: maji ya suuza ya mwisho hakuyamwaga, aliyatumia kwa suuza ya kwanza ya fungu linalofuata. Wenzake walinung'unika mpaka kisima kilipopungua mwezi wa Januari, kisha wakaacha kunung'unika.

Kipo kisa cha mwaka 1988 ambacho lazima kitajwe, maana wageni wa shughuli watakiuliza. Mgeni mmoja mzee aliondoka asubuhi kwenda kupanda boti ya Dar es Salaam, akasahau meno yake ya bandia ndani ya bilauri. Bi Mize aliyafunga kwenye kitambaa safi, akateremka mbio mpaka bandarini na kanga zake. Mgeni alikuwa keshasimama kwenye foleni. Bi Mize hakujua Kizungu hata neno moja, basi akasimama mbele yake, akafungua mdomo na kujionyesha meno yake mwenyewe kwa kidole. Mgeni akadhani huyu mama mkarimu anamchekea kumuaga, naye akamchekea. Alipocheka akahisi upepo unaingia. Wanasema alimkumbatia mbele ya watu, na Bi Mize alirudi kazini uso umemwiva, hataki kuulizwa.

Mwaka 1994 aliteuliwa Mkuu wa Vyumba. Skuli hakusoma, alisoma chuo cha Kurani, na kwa hivyo daftari lake la vyumba aliliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Bi Rasha, msaidizi wake ambaye kuanzia kesho ndiye atakayeshika nafasi yake, alilazimika kujifunza kulisoma. Anasema wiki ya kwanza aliweka mito minne chumba cha saba kwa kukosa nukta moja.

Sasa nije kwenye kisa.

Mwaka 1997 hoteli ilifanyiwa matengenezo makubwa, ikawa na vyumba ishirini na vinne, na vyoo vyote vikabadilishwa. Vile vya zamani kila ukivuta maji vilikunywa lita kumi na tatu. Vipya vilikuja kwa meli kutoka Ulaya, vya lita sita tu. Wengine tulivitilia shaka, lakini vilifanya kazi. Kabla ya hapo gari la maji lilikuwa likija mara tatu kwa wiki kujaza matangi yetu ya darini, kwa sababu maji ya mji hayakutosha. Baada ya vyoo vipya, gari halikuja tena. Maji yakabaki. Mwaka uliofuata Bwana Turki, kwa wema wake, akatoa mfereji, bomba la kuteka maji, kwenye ukuta wa nje, upande wa kichochoro, ili majirani wateke bure. Nyumba kumi na sita zikawa zinategemea mfereji ule. Ya karibu kabisa ilikuwa nyumba ya Bi Hind, mama wa makamo ya juu, mwenye maradhi ya magoti, ambaye bomba la kwake lilikuwa kavu kwa miaka.

Miaka mitatu tukakaa raha. Mwaka 2001 maji yakaanza kupungua tena. Mwanzo tangi lilishuka usiku, kisha likawa linashuka alasiri, na kufikia mwezi wa Oktoba adhuhuri haijaadhiniwa wageni wa ghorofa ya tatu wanapiga simu mapokezi kwamba mabomba yanapuliza upepo. Gari la maji likarudi. Mimi niliangalia mabomba yote, sikuona panapovuja, na nikamwambia Bwana Turki hivyo hivyo.

Jumamosi ya tarehe 3 Novemba, wiki mbili kabla ya Ramadhani, Bwana Turki alituita uani. Alikuwa na kufuli mkononi.

"Jamaa zangu," alisema, "maji yanakwenda nje. Kichochoro kizima kinateka kwetu. Sikutaka kufika hapa, lakini nna wageni ndani. Leo naufunga mfereji."

Kufunga maji kwa jirani wakati mwezi wa Shaaban unakatika si jambo dogo, na yeye mwenyewe alilijua, maana alikuwa akiitazama ile kufuli badala ya kututazama sisi. Bi Mize ndiye aliyesema.

"Bwana Turki, nipe mpaka mwezi uandame."

"Utafanya nini, Bi Mize?"

"Sijui bado. Lakini mtu hafungi mlango kabla ya kujua mwizi katokea wapi."

Bwana Turki akaitia kufuli mfukoni.

Siku ya pili, Jumapili, ilikuwa siku yake ya mapumziko. Hakukaa nyumbani. Alikuja kukaa kwenye baraza ya nje na ukili wake wa kusuka, na kila ndoo iliyojazwa pale mferejini aliipigia fundo kwenye uzi. Alikaa tangu alfajiri mpaka magharibi. Mafundo yalikuwa arubaini. Ndoo arubaini, lita mia nane, na tangi letu lilikuwa likipoteza zaidi ya hizo kabla hata ya saa sita za mchana. Kwa hivyo majirani hawakuwa wao.

Jumatatu akaanza na vyumba. Alikuwa akitandika chumba nambari kumi na moja, ambacho kilikaa siku nne bila mgeni, akasikia choo kinanong'ona. Si sauti ya maji kumwagika, ni kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Akafungua kifuniko cha tangi la choo, akatia kijiko cha rangi ya biriani, akaenda kumalizia mashuka. Aliporudi, bakuli la choo lilikuwa la manjano mazito. Maji yalikuwa yakipita polepole chini ya ule mpira wa kuzibia, kifuniko laini kinachokaa chini ya tangi na kunyanyuka ukivuta.

Akatia rangi vyumba vingine. Hapa palitokea la kutokea. Chumba cha kumi na nne mgeni alikuwa ametoka tu kwenda kunywa kahawa, akarudi mapema, akaingia chooni, akaona rangi ile, akateremka mapokezi ameshika tumbo na kuomba aitiwe daktari. Bwana Turki alitumia nusu saa na kamusi kumwelewesha kwamba yu mzima wa afya. Mgeni alipofahamu alicheka mpaka akakaa chini, na kila asubuhi baada ya hapo aliuliza leo kuna biriani chumba gani.

Kisha Bi Mize akapima. Alifunga maji yanayoingia kwenye tangi la choo, akavuta, halafu akalijaza tena kwa kopo la lita moja, akihesabu. Chumba cha kumi na moja kilitaka makopo kumi na moja. Cha kumi na nne, kumi na moja. Cha tisa, kumi na mawili. Vyoo vya lita sita!

Alasiri alipanda darini kwenye karakana yangu akiwa na mpira wa chumba cha kumi na moja kwenye kiganja. Namnukuu kama alivyosema na najinukuu kama nilivyojibu, kwa sababu nimejiahidi kutojipamba.

"Fundi, mpira huu siwo."

"Bi Mize, mpira ni mpira. Unaziba, hauzibi?"

"Unaziba nusu, na tena umechelewa kuziba. Maji yote yanatoka ndiyo unashuka."

"Mimi nna miaka kumi na tano katika kazi hii," nikamwambia. "Wewe shughulika na mashuka."

Aliuweka ule mpira juu ya meza yangu taratibu, kama mtu anayeweka yai, akateremka ngazi.

Ukweli, niliujua nusu. Vyoo vilipokuja vilikuwa na kisanduku cha mipira ya akiba, lakini iliisha ndani ya mwaka mmoja na nusu, maana ile ya asili ilikuwa ikiharibika upesi ajabu: inavimba, inajikunja, na ukiishika inakuachia wino mweusi mikononi. Ilipokwisha, niliona aibu kumwambia meneja kwamba sijui mingine inapatikana wapi. Nikawa nanunua ile ya kawaida ya dukani. Ilienea mahali pake sawasawa, ikaziba, nikaridhika. Sikujua kwamba mpira wa asili ulitengenezwa ujifunge mapema, lita sita zikishateremka, na kuyaacha maji mengine yabaki tangini. Wa dukani ulielea mpaka tone la mwisho. Nilikuwa nimevirudisha vyoo vipya kuwa vya zamani, kimoja baada ya kimoja, kwa mikono yangu, na nikapewa asante kila mara.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilimkuta Bi Mize chumba cha tatu, amepiga magoti mbele ya choo, kopo mkononi.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Njoo uhesabu mwanangu, macho yako mazima kuliko yangu."

Nikahesabu. Makopo sita. Tukarudia. Sita.

Nilifungua nikautazama mpira wake. Ulikuwa wa asili, ule ule uliokuja na choo, umekaa miaka minne na bado laini kama sikio. Sikuwahi kuugusa, kwa sababu chumba cha tatu hakikupata kunilalamikia hata siku moja.

"Kwa nini huu haukuoza?" niliuliza. Niliuliza ukuta zaidi kuliko yeye.

Bi Mize alikaa kitako sakafuni. Kisha nikaona uso wake unabadilika.

"Nani anakaa chumba hichi?" akasema.

Alijua jibu. Chumba cha tatu kilikodiwa mwaka hadi mwaka, tangu yale matengenezo, na bwana mmoja mtafiti wa karafuu, aliyekuwa akienda Kizimbani kila asubuhi. Bwana yule hakupenda harufu ya dawa, alitaka choo chake kisuguliwe kwa sabuni na ndimu tu. Vyumba vyengine vyote vilitiwa ndani ya tangi vile vidonge vya buluu vya kutia harufu na kuua vijidudu, visivyoacha rangi majini, kila Ijumaa, bila ya kukosa. Vidonge vilikuwa fahari ya Bi Mize. Yeye ndiye aliyeviomba, yeye ndiye aliyewafunza wasafishaji kuvitia.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye nnayeila mipira yako, Talal. Nawe ukila maji yangu."

Nilimpa mkono akasimama, na pale pale nikamwomba radhi kwa neno la mashuka. Alisema alikuwa keshalisahau. Hakuwa kalisahau, lakini ndivyo alivyosema.

Jumatano Bwana Turki alituita tena. Nawaambia kweli, niliteremka ngazi nikijua kwamba huenda hii ndiyo siku yangu ya mwisho. Nilikuwa na watoto wanne na mama mzee Malindi. Ilikuwa rahisi kabisa kwa Bi Mize kusema: fundi kaweka mipira mibovu. Lingekuwa kweli, na angesifiwa.

Alisimama mbele yetu sote, akaiweka mezani mipira miwili, wa chumba cha tatu na mmoja uliovimba, kando yake kidonge cha buluu.

"Maji hayaendi kichochoroni," alisema. "Yanakwenda chooni. Vyumba ishirini na vitatu kila mgeni akivuta anamwaga mara mbili ya haki yake, na vyengine vinavuja mchana kutwa. Mipira iliyokuja na vyoo imeozeshwa na vidonge hivi. Vidonge natia mimi. Kama pana wa kulaumiwa, anza na mimi, Bwana Turki."

Nikajikuta nimesimama.

"Na mipira ya dukani nimeitia mimi," nikasema. "Nlikuwa sijui, na nliona haya kuuliza."

Bwana Turki alitutazama mmoja mmoja. Kisha aliuliza swali ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Hakuuliza nani zaidi. Aliuliza, "Mipira yenyewe inapatikana wapi?"

Hatukujua. Bi Mize akasema kitu kizuri hakikosi jina, tukitafute jina lake. Tukapanda chumba cha tatu, tukafunua kifuniko cha tangi, na upande wake wa ndani tukakuta alama zimegandamizwa kwenye kauri, hazionekani vizuri. Akapaka poda ya mtoto, akafuta kwa kiganja, na herufi mbili na tarakimu nne zikatoka nyeupe wazi. Miaka minne nilikuwa nikivifungua na kuvifunga vifuniko vya namna ile na sijawahi kukigeuza hata kimoja.

Nilimpigia simu binamu yangu Mazin, aliyehamia Maskati tangu kijana. Nilimsomea zile tarakimu mara tatu. Akacheka kwamba watu huagiza manukato na halwa, mimi naagiza mipira ya choo. Lakini alizunguka maduka siku mbili, akaipata, na Jumatatu ya tarehe 12 mpwa wake akashuka uwanja wa ndege na mfuko mweusi. Ndani yake mipira thelathini.

Siku mbili zilizofuata tulifanya kazi pamoja, Bi Mize na mimi. Mimi nikitoa na kutia, yeye akirekebisha boya lisijaze tangi kupita alama, kisha akipima kwa kopo. Hakukubali kutoka chumba chochote mpaka kopo la sita liwe la mwisho. Chumba cha kumi na tisa kilitaka makopo saba, nikamwambia moja si kitu. Akanitazama tu. Nikafungua tena, nikakuta mnyororo wa kuvutia ni mrefu, unajikunja chini ya mpira. Nikaukata pete mbili. Sita.

Alkhamisi, saa kumi za alasiri, Bwana Turki alipanda darini mwenyewe na mti mrefu wa kupimia, akautumbukiza ndani ya tangi kubwa. Ulirudi umerowa mpaka juu ya nusu. Alibaki amesimama pale na mti unachuruzika juu ya viatu vyake. Kisha akatoa kufuli mfukoni, akampa Bi Mize.

"Ifungie kabati lako la mashuka," akasema.

Mwezi ukaandama Ijumaa jioni. Mwezi mosi wa Ramadhani Bi Hind alituletea bakuli la tambi za sukari na nazi, akalituma kwa mjukuu wake na salamu kwa jamaa wa hoteli, Mungu awalipe kwa maji. Tuliokuwa tumekaa futari siku ile tulitazamana. Bi Mize alisema kwa sauti ndogo, "Wasijue. Jirani akijua ulitaka kumfungia, hata akinywa yatamkwama." Basi hawakujua, kwa miaka karibu saba. Nilipomwonyesha Bwana Turki rasimu hii nilimuuliza kama nilifute fungu la kufuli. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akasema, "Liache. Bi Hind atanisamehe. Na asiponisamehe, ana haki yake."

Tangu wakati ule Bi Mize alitunga sheria tatu, ambazo Bi Rasha anazirithi pamoja na funguo. Hakitiwi kidonge cha aina yoyote ndani ya tangi la choo, usafi ni wa sabuni, brashi na mkono. Hauwekwi mpira ambao nambari yake si ile iliyo kwenye kifuniko, hata kama unaenea, hata kama mgeni amesimama mlangoni. Na kila miezi mitatu kila choo kinapimwa kwa kopo, na mpimaji haruhusiwi kuwa yule yule aliyetengeneza. Sheria ya mwisho ilitungwa kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyeinyooshea mkono wa kwanza kuikubali. Mafundi wa nyumba nyengine za wageni wamekuwa wakija kuuliza. Huwa nawateremsha kwa Bi Mize, naye huwauliza kabla salamu hazijakwisha, "Nambari umekuja nayo?"

Faida ya kazi ile tumeiona sote majuzi. Umeme ulipokatika kisiwa kizima tangu mwezi wa Mei mpaka katikati ya mwezi huu, na pampu za mji zikalala, jenereta yetu ilikuwa ikipandisha maji darini saa mbili tu kwa siku. Hayo hayo yalitosha wageni waliobaki, jiko, na kichochoro. Foleni ya ndoo ilifika mpaka kona ya pili. Bi Mize, mwezi mmoja kabla ya kustaafu, umri wa miaka sitini, alikuwa pale nje kila asubuhi akipanga watu, wajawazito mbele, wazee baada yao, na vijana wenye madumu makubwa wakiambiwa wangoje bila ya kununa. Siku moja kijana mmoja alimwambia, "Bibi, kwani wewe ndiye mwenye maji?" Akajibiwa, "Mwenye maji Mungu. Mimi nashika foleni."

Alkhamisi iliyopita tulimkusanyikia ukumbini kumuaga kwa faragha kabla ya shughuli ya leo. Tulimtaka aseme neno. Alisimama, akaikunja miwani, akasema hajui kuhutubia. Aliomba radhi kwa kila mmoja aliyepata kumfokea juu ya kona ya shuka, juu ya kioo chenye alama za vidole, juu ya kuchelewa. Akatutaja kwa majina, hata wa bustanini. Alipofika kwangu akasema, "Talal, wewe na mimi tulishamalizana zamani chumba cha tatu," na watu wakacheka, wengine kwa sababu wanakijua kisa, wengine kwa sababu hawakijui.

Anarudi Gomani, kwa binti yake mkubwa. Anasema atalala mpaka jua litoke, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu anayeliamini. Anasema pia kwamba skuli ya pale imejengewa vyoo vipya, na mwalimu mkuu keshamwita akavitazame.

Bi Mize, hoteli hii inakushukuru kwa mashuka, kwa funguo, kwa wasichana uliowalea mpaka wakawa wasimamizi. Kichochoro kinakushukuru kwa jambo ambalo kitalijua leo kwa mara ya kwanza. Nami nakushukuru kwa siku ile uliposimama uani ukaanza kujitaja wewe, wakati ungeweza kunitaja mimi. Watoto wangu wanne wamesoma, na mama yangu alizikwa akijua mwanawe ana kazi yake.

Uliomba radhi kwetu nasi tumekupa, nawe tunaomba utupe zako. Nenda salama. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, wajukuu wenye adabu na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Tunakutakia kila la heri katika maisha uliyoyangoja muda mrefu, na milango yetu iko wazi siku yoyote utakayovuka.